Mama Barafu na Gari Lake la Joto

Tarehe thelathini mwezi huu Mama Barafu anaweka spana chini, baada ya miaka thelathini na moja katika karakana yetu.

Alianza kwa kuosha magari, akahamia umeme, kisha viyoyozi vikamteka. Alipenda magari ya zamani, yale ambayo sisi wengine tukiyaona yanaingia getini tunakumbuka ghafla kwamba hatujanywa chai. Yeye aliyasogelea taratibu, akagusa mabomba mawili chini ya boneti, la moto na la baridi, ndipo akasema neno. Aliyekimbilia kujaza gesi kabla ya kugusa aliambiwa anamnywesha dawa mgonjwa ambaye hajamuuliza anaumwa wapi. Ila hakuwahi kumnyang'anya mtu kazi. Ukikwama alisimama nyuma yako, mikono mgongoni, kimya, hadi jasho likufundishe.

Pamoja na sifa hizo, mganga hajigangi. Gari lake mwenyewe, rika la kitinda mimba wake, lilipuliza hewa ya moto miaka nenda miaka rudi. Mumewe alishusha vioo na hakulalamika. Lakini tangu augue moyo mwaka jana, daktari amemkataza joto, na wawili hawa wamepanga kuhamia kwa binti yao, safari ya kutwa nzima. Gari lisipopoa, mzee hasafiri.

Tukaamua hiyo ndiyo iwe zawadi yetu ya kumuaga. Mzee akatuletea gari kwa siri. Basi tukafanya nini? Tukajaza gesi. Joto. Tukaipunguza, tukajaza upya. Joto vilevile. Fundi rangi akashauri tununue tu saa ya ukutani.

Tulipogeuka, Mama Barafu alikuwa nyuma yetu, mikono mgongoni. Hakuuliza gari lake limefikaje pale. Midomo ilimcheza tu. Kwa aibu tukagusa mabomba. Moja lilikuwa baridi hadi linatoka matone. Kumbe ubaridi ulikuwepo, ila haukufika ndani. Fundi umeme akajikunja chini ya dashibodi, akakuta waya wa kibao kinachozuia hewa ya hita umechomoka, kwa hiyo hewa ya moto ilikuwa ikichanganyika na ya baridi. Akaurudishia kwa vidole viwili.

Mzee alipokuja kulifuata gari tulimketisha mbele, tukapandisha vioo, tukasubiri. Macho yake yalikuwa kwa mkewe. Muda si mrefu akaomba sweta. Mama Barafu alicheka mpaka akalazimika kufuta machozi kwa mkono wa ovaroli, na si yeye peke yake.

Mama, tunakushukuru kwa subira yako, nasi tutakukosa sana. Mfikishieni binti salamu zetu. Tunawatakia nyote wawili safari njema na maisha mema, na mzee asisahau sweta.