Zephania Mwasomola na Mini Ambayo Mkewe Alikataa Kuipanda

Ndugu, jamaa na marafiki mliofika kumsindikiza Zephania, familia inaomba mtuvumilie. Maisha yake hayasimuliki kwa mkato, na yeye mwenyewe hakuwahi kueleza kitu chochote kwa mkato.

Marehemu Zephania Mwasomola alizaliwa tarehe 14 Februari 1949 katika kijiji cha Masoko, wilayani Rungwe, akiwa mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba. Baba yake alikuwa mkulima wa kahawa. Mama yake alikuwa akisema kwamba mtoto huyu alijua neno "kwa nini" kabla hajajua kuomba maji.

Alianza shule ya misheni mwaka 1957. Mwaka 1962 daktari mmoja wa misheni alifika shuleni na gari ambalo hakuna mtoto aliyewahi kuliona, kagari kafupi kalikoitwa Mini. Wakashuka watu wazima wanne, mmoja wao mchungaji ambaye alizoea kujaza benchi peke yake. Wanafunzi wenzake waliwacheka wale watu jinsi walivyokuwa wakichomoka mlangoni. Zephania alilala chini topeni na sare yake ili aone gari lile limeficha wapi vitu vyake. Daktari akamfungulia boneti.

"Mbona injini imelala kiubavu?" akauliza.

Daktari akacheka, akasema yeye anajua matumbo ya watu tu. Jioni Zephania alichapwa kwa ajili ya sare. Fimbo alizisahau, swali halikumtoka.

Jibu alilipata katika shule ya ufundi Ifunda, alikosoma kuanzia 1965 hadi 1968, na tangu hapo kila aliyekunywa naye chai alilisikia. Mwaka 1956 mfereji wa Suez ulifungwa, petroli ikawa ya mgao huko Uingereza, na wakubwa wa kampuni ya magari wakamwagiza mhandisi wao aunde gari dogo, dogo kweli, lakini watu wanne wakae ndani bila kukunja shingo. Mhandisi akailaza injini kiubavu, giaboksi akaiweka chini yake vikaoga oili moja, magurudumu madogo akayasogeza pembeni kabisa, na mahali pa springi akaweka mpira. Gari likatoka mwaka 1959. Urefu wake ulikuwa mita tatu na kidogo, na karibu zote zilikuwa za abiria.

"Wengine walichora gari, halafu wakatafuta watu watakaa wapi," alikuwa akisema. "Huyu alianza na watu."

Miaka michache baadaye gari hilo hilo likashinda mashindano ya milimani Ulaya, kwenye theluji, na kuyaacha magari makubwa yakihema. Likaendeshwa na matajiri na walimu wa shule vilevile, na hilo nalo lilimshangaza. Ni kitu gani kinachowafanya watu wasiofanana hata kidogo wapende kitu kimoja? Alilichunguza swali hilo maisha yake yote, na majibu yake yalibadilika kila mwaka.

Mwaka 1970 aliajiriwa kuwa fundi katika karakana ya serikali mjini Mbeya. Huko alibanwa kidole na feni ya rejeta, akapelekwa hospitali kushonwa. Muuguzi aliyemshona aliulizwa kwa nini uzi wa kidonda haufungwi kama uzi wa kiatu. Badala ya kumwambia anyamaze, muuguzi alimweleza. Zephania alirudi kesho yake na swali jingine, na kesho kutwa yake na jingine, wakati kidole kilikuwa kinapona vizuri tu. Muuguzi huyo ni Mama Dorotea. Walifunga ndoa tarehe 17 Agosti 1974, na mwaka 1977 wakabarikiwa kupata mtoto wao Bernard.

Wakati huo walikwisha kununua Mini yao, nyeupe, kutoka kwa mwalimu aliyekuwa anahama. Zilikuwa zama za shida ya petroli, na Zephania aliona gari lile limezaliwa makusudi kwa ajili yetu. Lilikuwa na ugonjwa mmoja tu. Distributa, yaani kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, kilikaa mbele kabisa nyuma ya wavu, kwa hiyo mvua ikipiga usoni kinalowa na gari linazima. Mafundi wa Mbeya walikivalisha glovu ya mpira. Waya nne za plagi na mmoja wa koili, kila mmoja ukatokeza kwenye kidole chake, vidole vitano kwa waya tano. Jambo hilo lilimfurahisha Zephania kupita kiasi, na glovu za Dorotea za kufulia hazikukaa nyumbani.

Mama Dorotea ameruhusu jambo linalofuata lisomwe, kwa sharti kwamba lisomwe lote.

Mwezi Aprili 1981 mama yake mzazi alifariki huko Masebe, ng'ambo ya Tukuyu. Katika familia yao mtoto wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza kaburini, na mtoto wa kwanza alikuwa Dorotea. Wakapanda Mini, wakaondoka Mbeya. Walipofika Kiwira mvua ikawapiga na gari likazima. Zephania akakausha kwa kanga ya mkewe, likawaka, likazima tena. Ikawa ni hivyo njia nzima. Walifika jioni, kaburi limekwisha kufukiwa, maua yamekwisha kulowa, na watu wanakula.

Dorotea alishuka, akafunga mlango taratibu, akaenda kukaa na wanawake wenzake. Hakumlaumu mumewe, siku ile wala baadaye. Ila kuanzia hapo hakuingia tena ndani ya Mini. Kabla mwezi haujaisha Zephania aliliuza lile gari, na habari ya safari ile haikuzungumzwa nyumbani kwao.

Familia ilihamia Kanada tarehe 12 Januari 1990, ikafikia mtaa wa Jane na Finch, Toronto, na mwaka 1997 ikahamia mtaa wa Lawrence Heights. Dorotea alifanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee. Zephania alikuwa fundi katika gereji ya magari ya kusambaza vyakula, ambako wenzake walimpenda na kumkimbia kwa sababu ile ile. Oktoba 2000, Mini ya mwisho ya aina ile ya zamani ilipotoka kiwandani, alikwenda kazini amefunga tai nyeusi, na watu wawili wakampa pole ya kweli. Mini mpya ya Wajerumani ilipoanza kuuzwa Toronto mwaka 2002, alikwenda dukani na futi ya kupimia. Muuzaji akamkuta amepiga magoti kwenye sakafu inayong'aa, akamwuliza kama anahitaji msaada. Zephania akamjibu kwamba anampima mtoto aone kama amefanana na baba. Alimkuta amezidi nusu mita. Alimsamehe, lakini hakumnunua.

Mwaka 2004, kwenye pikiniki ya watu waliotoka Tanzania, alikutana na Moez wa Mississauga, mji jirani na Toronto, ambaye baba yake, marehemu mzee Madatali, aliwahi kuwa na duka Iringa.

"Zephania bhai," Moez akamwambia, "daddy ameacha Mini yake kwa gereji, chini ya turubai. Ya seventy-six. Mimi hata boneti naogopa kufungua. Kuja angalia tu."

Zephania alikwenda kuangalia tu, akarudi usiku na nguo zinanuka oili. Gari lilikuwa la kijani, halikuwa na kutu, kwa kuwa mzee Madatali hakuwahi kulitoa wakati wa baridi barabara zinapomwagwa chumvi. Moez alimwachia. Siku akichoka, alisema, alirudishe tu. Zephania alilifufua kwa muda wa miaka miwili, na kila kiangazi lilikaa mbele ya nyumba yao. Dorotea alilizunguka mara moja siku lilipofika.

"Gari zuri," akasema. "Lakini mimi humo siingii."

Kuanzia hapo Jumapili zote za kiangazi zilifanana. Zephania alivaa suti, akafungua mlango wa abiria, akasimama pembeni.

"Mama Bernard, leo?"

"Leo hapana, Baba Bernard."

Basi alifunga mlango, akatia funguo mfukoni, wakaenda pamoja kusubiri basi. Hakuwahi kwenda kanisani na Mini na kumwacha mkewe kituoni. Wengine wote tulipanda. Mchungaji alipanda. Mjukuu wake Atu, anayeelewa Kiswahili ila hujibu kwa Kiingereza, alichungulia dirishani akauliza, "Babu, where do the legs go?" Zephania akaketi naye ukingoni mwa barabara akamweleza kuanzia Suez, akiwa na furaha ya mtu aliyepata mrithi. Lakini ukweli ni kwamba abiria aliyemtaka alikuwa mmoja, na sote tulijua.

Mwaka 2011 madaktari waligundua presha ya macho, na tayari ilikuwa imekula sehemu kubwa ya uwezo wake wa kuona. Mwaka 2013 alizuiwa kuendesha. Alimpigia Moez akamwomba aje alichukue gari. 

Kabla Moez hajafika, Dorotea alitoka nje akiwa na aproni, akasimama mbele ya Mini.

"Fungua," akasema. "Nionyeshe siku ile kilikatika nini."

Zephania alifungua boneti kwa kupapasa. Akaushika mkono wa mkewe akauweka juu ya distributa, kwenye glovu aliyoivalisha hata hii ya kijani, waya mmoja hadi mwingine.

"Hakikukatika kitu," akasema. "Glovu niliitoa mwenyewe siku mbili kabla. Nilikata mpira wa tairi nikautia badala yake, nilitaka kujua kama utazuia maji vizuri zaidi. Msiba ukatukuta hivyo. Ningeweza kuirudisha glovu kabla hatujaondoka. Nikajiambia, mvua ndiyo hii, sasa nitajua."

Dorotea aliondoa mkono.

"Miaka yote hii nilidhani ulisahau kuivalisha glovu," akasema. "Kusahau ningekusamehe zamani."

Aliingia ndani. Wiki ile vyombo vilioshwa kwa kelele, na chai ililetwa bila neno. Moez alifika, akakaa, akaisoma hali, akarudi Mississauga mikono mitupu. Wapo wanaodhani ukweli ukisemwa mambo hupoa. Kwao uliyawasha upya, na kwa mara ya kwanza Dorotea alimwambia mumewe yote: udongo alioukosa, wadogo zake walivyomwangalia, hasira ya kuwa mke wa mtu anayependa kujua kuliko kufika. Zephania alimsikiliza, hakuuliza swali hata moja. Bernard na mkewe Nyaboke, waliokuwapo, wanasema hawakuwahi kuona hivyo.

Jumapili iliyofuata Dorotea alitoka amevaa viatu vya chini, akaupita mlango wa abiria ambao safari hii hakuna aliyeufungua, akaenda upande wa dereva.

"Nifundishe," akasema. "Kama litazima tena, nataka lizimikie mikononi mwangu."

Alikuwa na miaka sitini na hajawahi kushika usukani. Walikwenda, Bernard akiwapeleka, kwenye maegesho matupu ya duka moja kubwa. Zephania hakuwa anaona vizuri hata boneti, lakini alifundisha kwa masikio.

"Klachi. Sasa. Usimkabe. Sikiliza, anaomba gia ya pili... mpe."

"Mimi sisikii chochote, Zephania."

"Utasikia."

Mtihani wa kwanza alianguka, akamlaumu mtahini. Wa pili, mwaka 2014, alifaulu. Kisha akangoja. Jumapili tatu za jua alikataa kutoa gari, na hakusema sababu. Ya nne mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikafunika mitaro. Dorotea alifungua mlango wa abiria, akasimama pembeni na mwavuli.

"Baba Bernard, leo?"

Walikwenda hadi kanisani bila kuzima. Alipofunga swichi hawakushuka upesi. Ibada ya kwanza ilipita wakiwa ndani, na waliopita waliona vioo vimeingia ukungu na wazee wawili wanaongea. Walichoongea ni chao. Tunachojua ni kwamba Zephania alishuka amelia, na amekunjuka uso kama kijana.

Walikuwa na viangazi viwili na zaidi. Dorotea alimpeleka Hamilton, akampeleka Niagara asikie maji, akampeleka Mississauga kumsalimia Moez, na njiani alikuwa akimsimulia anachokiona. Sasa muulizaji alikuwa yeye. Kwa nini gari dogo hivi linapigiwa honi za salamu na watu wasiotujua? Zephania alimjibu kwamba pengine watu wanafurahi kuona kitu ambacho hakikuchukua nafasi kubwa kuliko kinavyohitaji. Hilo ndilo jibu lake la mwisho kwa swali lile la zamani.

Kuanzia Machi 2016 moyo wake ulidhoofika. Alilazwa mara kadhaa, na kila mara alimwuliza daktari valvu za moyo zinafunguka kuelekea wapi, kisha akaomba aelezwe tena polepole. Alifariki dunia Alhamisi, tarehe 6 Oktoba 2016, hospitalini, Dorotea akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka 67.

Marehemu ameacha mjane, Mama Dorotea; mtoto wake Bernard na mkwewe Nyaboke; wajukuu wawili, Atu na Zephania mdogo; dada mmoja na wadogo zake wawili wa kiume huko Rungwe; na rafiki yake Moez, ambaye familia imemhesabu kuwa ndugu. Mungu aliyempa akili ya kuuliza amkaribishe, ampe pumziko na amani.

Baada ya mazishi chakula kitakuwa katika ukumbi wa kanisa. Wasio na usafiri wasimame karibu na Mini ya kijani langoni. Mama Dorotea anaendesha mwenyewe, na nyuma kuna nafasi ya watu wazima wawili. Kiti cha mbele ameomba kisikaliwe.