Saa Mbili za Foleni

Benchi letu liko nje ya duka la vyakula vya Kinepali hapa Euless, Texas, jirani na mashine za kufulia nguo. Lina miguu mitatu na tofali. Jana tulisherehekea Mwaka Mpya wa kwetu. Leo ni Aprili 15, siku ya mwisho ya kupeleka fomu za kodi, na posta inafunga saa kumi na moja. Mimi wananiita Digri, kwa sababu ninayo na haijawahi kuninunulia hata chai. Tangu kibali changu cha kazi kianze nimekaa siku hamsini na nane bila kazi. Zikipita tisini, nifungashe. Mapajani nina bahasha mbili. Moja inaapa kwamba kwa kodi mimi ni mkazi wa Marekani, nyingine inaapa si mkazi. Zote nimesaini. Moja ni uongo, na uongo wa kiapo hufukuliwa siku unapoomba kibali kingine. Saa ni kumi na robo.

Mahesabu, aliyerudia somo la uhasibu mara tatu, ndiye aliyeanza.

— Mwanafunzi mgeni si mkazi kwa miaka mitano ya kalenda. Wa sita, kama bado yupo tu, ni mkazi. Na kipande cha mwaka ni mwaka mzima. Ulitua lini?

— Tarehe 31 Desemba 2019.

— Basi 2019 imo. Hesabu: kumi na tisa, ishirini, ishirini na moja, na mbili, na tatu. Mitano kwisha. Fomu ya leo ni ya 2024. Wewe mkazi, mwanangu.

— Siku moja iwe mwaka? Acha kuzingua, akasema Waziri. Huyu ni dereva wa teksi ambaye kila serikali aliyoitabiria maisha marefu kule Kathmandu ilianguka wiki hiyo hiyo.

— Haba na haba hujaza kibaba, dai, akajibu Mahesabu kwa heshima ya kaka mkubwa.

— Hiyo ni haba moja! Kibaba kimejaaje? Halafu kalenda ya nani? Kwetu jana tumeingia 2082. Mwaka 2024 wa kwetu, hata mama yake Digri hajazaliwa. Tangu lini mtu ambaye hajazaliwa akajaza fomu?

Nikamwuliza kama hilo nimwandikie ofisa wa kodi.

— Mwandikie. Na salamu zangu.

Rewati didi, dada mkubwa wa benchi zima na mwenye duka, akatoka na chupa ya chai na maandazi ya jana ya sikukuu, yale ya duara.

— Nyie mnahesabu miaka, hamwangalii jikoni. Digri, una sufuria ya presha?

— Ninayo, didi.

— Mkazi. Mgeni hula mkate. Anayechemsha dengu kwa presha hana mpango wa kuondoka.

— Sufuria ya mwenzake wa chumba hiyo, akadakia Mahesabu.

— Basi ni mkazi wa kuazima.

— Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, akasema Waziri. Wamarekani wastaarabu sana: wanangoja mwaka wa sita, halafu jembe lenyewe uombe kazi ya kulishika, wakunyime. Digri, umeomba majembe mangapi?

— Mia mbili na kumi na moja.

Walicheka mpaka tofali likahama. Nilicheka nao, kwa hasira. Nikatoa pasipoti niwaonyeshe tarehe, tumalize. Muhuri ukasema: 1 Januari 2020.

Mahesabu aliinyakua, akaipindua, akainusa.

— Hii si 2019.

Nikakumbuka. Ndege ilitua saa nne usiku wa mkesha. Foleni ya pasipoti ilichukua saa mbili nzima, maana ofisa alikwenda kunywa kitu akarudi akiwa na kofia ya karatasi ya sherehe. Miaka mitano nimemlaani yule mtu.

— Basi 2019 haimo! akapaza sauti Mahesabu. Mwaka wa tano ni 2024. Si mkazi!

— Nilisema mimi, akasema Waziri, ambaye hakusema. Barua ya kodi yenyewe huhesabiwa kwa muhuri wa posta. Barua muhuri, mtu muhuri.

Nilikuwa nimeshainua bahasha ya pili. Hapo Anupa, msichana aliyefika Januari hii kuanza chuo, akatoka dukani na gunia la mchele begani.

— Samahani, dai. Hizo saa mbili za foleni, ulikuwa nchi gani?

Mahesabu alinirudishia pasipoti. Waziri alitazama angani kama kuna serikali huko. Rewati didi akainamisha chupa. Kikatoka kipande cha tangawizi, basi.

Saa kumi na dakika arobaini.

— Digri, akasema didi polepole, kwenye hizo saa mbili, ulikwenda chooni?

— Nilikwenda.

— Ukavuta maji?

— Nikavuta.

— Maji ya nani?

Akachukua bahasha ya asiye mkazi mkononi mwangu, akafungia humo maandazi yaliyobaki, akampa Anupa. Mimi nikakimbia na nyingine.

Foleni ya posta ilikuwa imetoka mpaka nje ya mlango. Nikajipanga nyuma ya mzee mwenye buti za wachunga ng'ombe. Akageuka akanung'unika kwamba nchi hii foleni zitatuua.

— Zitatuua, nikamjibu, sisi wakazi.