Mama Bukra na Kikombe cha Athok

Leo Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, Bi. Kevina Kisakye, mpimaji wetu wa maji, anastaafu baada ya miaka kumi na minane ya utumishi. Sherehe hii ilikuwa ifanyike jana. Imechelewa kwa sababu yake mwenyewe, na sisi tunaomfahamu hatukushangaa.

Aliingia Juba kutoka Masaka, Uganda, mwaka 2007, akafungua kibanda cha chapati mtaa wa Hai Jalaba, jirani na ofisi yetu ya zamani. Tulimwajiri kuosha chupa za maabara. Aliziosha kwa ukali hivi kwamba mkuu wa maabara akaona heri ampeleke mafunzo, ampe na upimaji wenyewe. Tangu hapo amepima visima vya vijijini zaidi ya mia sita.

Kazi yake haina njia ya mkato. Maji hulazwa siku nzima katika kisanduku cha joto, na yakiwa machafu, sahani ya kupimia huota madoa ya njano. Kabla ya hapo Kevina hanywi, umbembeleze usimbembeleze. Husema tu bukra, yaani kesho, kwa Kiarabu cha Juba chenye lafudhi ya Kiganda, na ndiyo maana vijiji vinamwita Mama Bukra. Kisanduku hicho hukipakata njia nzima. Dereva wake, ambaye ndiye anayeandika haya, amekemewa kwa kila shimo kana kwamba alilichimba yeye.

Lakini neno hilo liliwahi kumponza. Mwaka 2019, katika kijiji cha Pankuel, kando ya barabara ya Bor, wenyeji walichinja fahali kufungua kisima kipya. Mama Athok, kiongozi wa wanawake, akajaza kikombe chake cha bluu na kumpa mgeni kwa mikono miwili. Kevina akakiweka chini, akasema bukra. Ala! Kwetu, mgeni akikataa maji yako amekukataa wewe. Bosi wetu alikunywa vikombe vitatu kuokoa heshima ya ofisi, kisha akashinda chooni siku mbili.

Kesho yake sahani ilijaa madoa. Simiti ya pampu ilikuwa imepasuka, na maji yenye kinyesi cha ng'ombe yalikuwa yakishuka kisimani. Kevina alirudi kuwaonya, lakini nani angemsikiliza mtu aliyewadharau? Waliendelea kunywa. Wiki hiyo watoto kumi na wawili waliharisha, akiwemo mjukuu wa Athok, aliyeponea chupuchupu. Kevina alilia garini hadi Juba. Alijilaumu kwamba alijua kupima maji ila hakujua kuzungumza na watu.

Akarudi tena, safari hii bila chupa wala kisanduku. Alikaa siku tatu akimuuguza yule mtoto pamoja na bibi yake. Athok alikiosha kile kikombe, akakitundika ukutani, akatangaza kwamba hakuna atakayekitumia mpaka Mama Bukra akinywee.

Kisha mafuriko yakaja, kisima kikazama, kijiji kikahama. Kila mwaka Kevina aliuliza habari za Pankuel kama mtu anayeuliza habari za nyumbani. Mwezi huu hatimaye wamepata kisima kipya, kwenye mwinuko walikohamia. Juzi Jumatano alikwenda kuchukua sampuli, kazi yake ya mwisho, na Athok akamwahi: kabla mgeni hajafungua mdomo, akamwambia anywe bukra.

Jana jioni sahani ilitoka safi, haina doa hata moja. Maabara nzima ilipiga vigelegele.

Bi. Kevina, asante kwa watoto ambao hawakuugua na hawatajua kamwe kwamba ni wewe. Tutakukosa, na ukali wako pia. Masaka ikupokee vizuri, Mungu akupe afya na miaka mingi ya kupumzika.

Keki itasubiri. Mama Athok yuko hapa, amekaa kiti cha mbele, na kikombe cha bluu kimejaa maji ya kisima kipya. Bukra imefika, mama. Kunywa.

Madut Chan, dereva