Fundi Tabaka na Kifua Kilichofunikwa

Ngo. Ngo. Ngo. Pu.

Wasikilizaji wapendwa, hicho ni kidole kilichokunjwa, kinagonga mlango wa gari. Panapolia ngo, pana bati. Panapolia pu, pana puti, ule uji mzito ambao mafundi hujazia mabonde na matundu, ukaganda, ukasuguliwa, ukapakwa rangi, na mwenye gari akaondoka akitabasamu. Mwenye kidole hicho tumemzika juma hili. Alikuwa fundi rangi. Mtaa mzima ulimwita Tabaka.

Tabaka, kwa sababu ya praima, ile rangi ya msingi inayotangulia rangi yenyewe. Gari kuukuu likiingia gereji yake, alilivua rangi yote mpaka bati likabaki uchi. Bonde aliligonga kwa nyundo kutoka nyuma, polepole, mpaka likanyooka. Mikwaruzo iliyobaki aliivalisha praima: tabaka jembamba, ngoja likauke, msasa; tabaka jingine, ngoja, msasa. Puti hakugusa. Narudia: puti hakugusa.

"Fundi, utanizeesha hapa!" mteja mmoja alimlalamikia. "Jirani yako angeshanijazia nikaondoka."

"Nenda kwa jirani," akajibu bila kuinua kichwa. "Yeye atakupa gari jipya. Mvua itakurudishia lako."

Wala hakugonga magari tu. Aligonga makabati, aligonga hata maneno ya watu. Binti yake, aliyejifunza ufundi mikononi mwake na sasa ndiye mwenye gereji, anakumbuka siku aliyorudi nyumbani na mabegi, ndoa imevunjika. Alisema, "Mimi mzima, baba." Mzee akagonga meza, akatega sikio.

"Hapo pana puti, mama."

Binti akacheka. Kisha akalia mpaka shati la baba yake likalowa.

Chuki ile ya puti ilitoka wapi? Tabaka alikuwa na kaka. Kaka alikuwa fundi bati, yeye fundi rangi, na walikuwa na lori lao wenyewe. Kutu ilikuwa imekula kikanyagio cha mlango, pale mtu anapokanyaga akipanda. Tabaka alikuwa kijana, damu inachemka, haraka ya kuonyesha kazi. Akajaza puti. Akasugua, akapaka rangi, pakang'aa. Kaka akamwuliza, "Pale pabovu ni wapi, mdogo wangu?" Tabaka akapapasa. Akapapasa tena. Hakupaona. Alikuwa amepaficha vizuri hata yeye mwenyewe akapapoteza. Wakacheka wote wawili, na kaka akamsifu.

Siku iliyofuata kaka alisimama juu ya kikanyagio kile, ameshika mlango, akimwelekeza dereva arudi nyuma. Kikanyagio kikamong'onyoka kama biskuti. Lori halikusimama kwa wakati.

Tangu hapo mkono wa Tabaka haukutulia. "Tunakula mchana," mkewe anasimulia, "mkono mmoja uko kwenye sahani, wa pili unagonga ukuta. Namwuliza, baba watoto, unatafuta nini? Ananiambia, napatafuta."

Alipatafuta mpaka uzeeni, wasikilizaji wapendwa. Alikuwa na msemo wake: tabaka huvalisha, puti huzika. Na mtu huyu, huyu huyu, alikuwa akijizika akiwa hai. Vumbi la msasa na dawa za rangi zilikuwa zimeingia kifuani. Alikohoa bafuni, bomba la maji limefunguliwa ili asisikike. Akitoka, anasema, "Vumbi tu." Familia ikaamini. Nani angemshuku Tabaka kwa puti?

Walipomfikisha hospitali, daktari alimkalisha kitandani, akaweka kiganja mgongoni pake, akagonga kwa kidole. Upande mmoja ukaitika. Upande wa pili ukalia pu. Mke na binti walikuwa wamesimama pale pale, nao wakausikia. Tabaka akafumba macho. Binti anasema uso wake ulikuwa wa mtu aliyetua mzigo.

"Umepaona, daktari," akasema.

Hakurudi nyumbani.

Kituo hiki kinatoa pole kwa mjane wake, kwa binti yake na kwa mafundi wote walioacha zana chini wakambeba. Mungu awape subira. Na kwako wewe unayesikiliza nasema wazi, asiyependa azime redio: kuna watu tunawasifu kwa kung'aa, na hatujawahi kuweka sikio. Leo, kabla hujalala, weka sikio kwa mmoja wa nyumbani kwako. Akisema mzima, usiondoke haraka.

Maana baada ya mazishi mjane alipeleka chai gerejini. Akamkuta binti amejifunga kitambaa puani, anapiga msasa mlango wenye praima. Binti akakohoa. Akakohoa tena, akageuza uso. "Vumbi tu, mama."

Kikombe kikamponyoka mjane. Akamtazama, na binti akaona anatazamwa kama maiti. Akauweka msasa chini. Akaishika mikono ya mama yake, akasema kwa sauti, mafundi wote wakisikia:

"Si vumbi, mama. Kifua kinauma, na kimeanza zamani. Kesho tunakwenda kwa daktari, mimi na wewe. Utaingia nami ndani, na atakalolisema utalisikia kwa masikio yako. Nakuahidi."