Sahihi ya Mlinzi wa Ukumbi wa Pili

Ndugu wafiwa, majirani, na ninyi walimu mliojaa mpaka wengine mmesimama juani: leo tunamsindikiza mjomba wetu, mtu wa maneno machache na macho mengi.

Mjomba alizaliwa tarehe 9 Machi 1957, mtoto wa pili kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake aliendesha mashine ya kukata miche ya sabuni na mama yake alifua nguo za watu, kwa hiyo hapakuwa na udhuru wa uchafu. Dada yake anasimulia kwamba alichelewa sana kusema, hata majirani wakaanza kumpa mama yao pole. Siku alipofungua mdomo, alisema dari limepasuka. Watu wakainua vichwa. Kweli lilikuwa limepasuka.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965 na kumaliza la saba mwaka 1971. Sekondari aliishia kidato cha pili, baba yake alipoumia mkono mashineni na yeye akachukua nafasi yake kiwandani. Hakuacha shule kwa kushindwa. Mwalimu wake wa jiografia, ambaye kila ramani aliyoichora ilitoka kama kiazi, alikuwa akimwita ubaoni achore yeye, kisha anamwambia akakae na asijione. Hakujiona.

Tarehe 2 Aprili 1984 aliajiriwa kuwa mlinzi katika jumba la makumbusho ya sanaa. Alipewa sare, kofia, na kiti cha mbao katika Ukumbi wa Pili, chini ya feni isiyozunguka. Kazi yake ilikuwa kuwaambia watu wasiguse. Aliifanya kwa miaka thelathini na tatu, na kwa kuwa waliotaka kugusa walikuwa wachache, muda uliobaki alizitazama picha.

Hata mke alimpata kwa sababu ya kile kiti. Suruali ya sare ililika nyuma, akaipeleka kwa fundi cherehani wa mtaa wa pili. Fundi akaigeuzageuza, akamuuliza kama kazi yake ni kukaa tu. Mjomba akajibu kwamba hapana, anakaa na kuangalia. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1987 na kujaliwa watoto watatu. Tangu hapo suruali zake zilikuwa na viraka ambavyo usingeviona hata ungeonyeshwa vilipo.

Sasa tufike kwenye ile Jumamosi iliyowaleta nusu ya watu walioko hapa. Mei 1999 makumbusho ilianzisha warsha za walimu wa shule za msingi, wajifunze kutumia picha darasani. Siku ya kwanza mkufunzi alichelewa, gari lilimharibikia njiani. Walimu thelathini na wawili wakafanya lile ambalo walimu hufanya wakiachwa peke yao mbele ya sanaa: walivamia vibandiko vya maelezo ukutani na kuanza kunakili. Jina la mchoraji, mwaka, urefu kwa upana. Mmoja alipiga mstari chini ya kichwa cha habari kwa rula.

Mjomba alivumilia robo saa. Kisha akainuka, akamsogelea mwalimu wa hesabu, mama mmoja mwenye miwani.

"Mwalimu, picha umeiona?"

"Nimeiona."

"Ina watu wangapi?"

Mama akasema watatu, huku anaandika. Mjomba akamwambia wako wanne, akarudi kitini. Yule mama alimtafuta wa nne kwa dakika kumi. Wenzake wakaja kumsaidia, wakabishana, wakaazimana miwani. Alikuwa nyuma ya mlango, unaonekana mkono tu. Mkufunzi alipofika alikuta daftari ziko sakafuni na walimu wanagombana huyo mtu anamkwepa nani. Mjomba alijua kazi imeota mbawa. Mkufunzi akamwomba aendelee.

Aliendelea kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi kwa miaka ishirini na minne, hata baada ya kustaafu ulinzi mwaka 2017. Kabla walimu hawajaingia, alifunika vibandiko vyote kwa vipande vya maboksi. Kanuni yake ilikuwa macho dakika kumi, kisha mdomo, kalamu mwisho kabisa. Aliyesema "ni picha nzuri" aliombwa aanze upya. Kuna walimu hapa waliofundisha hesabu za sehemu kwa picha ya soko, na insha kwa picha ya kiti kitupu.

Lakini kila mwalimu aliyemaliza warsha alipewa cheti chenye sahihi mbili za ofisi, na ya mjomba haikuwapo. Mwaka 2012 walimu waliandika barua kuomba iwekwe. Ofisi ikajibu kwamba cheti husainiwa na mwenye shahada, na kwamba mlinzi anashukuriwa kwa ushirikiano wake. Mjomba alifika nyumbani akamwambia mkewe, "Wanasema mkono wangu haujasoma."

Mkewe alikuwa anatia uzi kwenye sindano. "Sasa Jumamosi wanauitia nini?"

Mjomba alicheka, lakini ilimuuma. Hakulisema tena, na sisi tulioacha masomo njiani tunajua jambo lisilosemwa linavyokaa.

Juni 2023 figo zilianza kumsumbua, akalazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani. Wiki ya pili yule mwalimu wa hesabu, naye sasa mstaafu, aliingia na bahasha. Akatoa cheti chake cha mwaka 1999 na kalamu, akaviweka juu ya shuka.

"Hiki hakijakamilika," akasema.

Mjomba akamwambia ofisi itakasirika. Mama akajibu kwamba ofisi haikumfundisha kitu. Mjomba akasaini pembeni kabisa, kwa herufi ndogo, kama mtu anayeomba radhi.

Habari zikasambaa. Walikuja watano, wakaja tisa, mpaka nesi akauliza kama wodi imegeuzwa ofisi ya serikali. Wala hakusaini bure. Kila mmoja alitakiwa amweleze jambo moja ambalo mtoto darasani aliliona na mwalimu mwenyewe hakuliona. Wawili walirudishwa wakajipange. Mmoja yuko hapa na hatutamtaja. Kufikia mwisho wa Oktoba alikuwa amesaini vyeti sitini na saba. Ile sahihi ilizidi kukua, na katika cheti cha mwisho imepita juu ya sahihi zote mbili za ofisi.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Novemba 2023, saa nne asubuhi, mkewe na mwanawe wa kwanza wakiwa pembeni yake.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na wapwa wasiohesabika. Ofisi ya makumbusho imeleta shada lenye kadi iliyoandikwa "Mlinzi wetu mpendwa", nasi tunashukuru. Tulipopeleka ratiba hii ya mazishi kuchapwa, mchapaji alituuliza aandike kazi gani chini ya picha ya jalada. Mjane ndiye aliyejibu, wala hakufikiri, na ndivyo ilivyochapwa.

Pumzika salama, Mwalimu.