Suzana Nkwabi na Mwano Usiopigwa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Leo tunamkumbuka Suzana Nkwabi, mwandishi wa tamthilia, aliyetutoka Jumatatu nyumbani kwake Ilemela. Wengi mnamjua kwa mchezo mmoja tu. Mchezo wenyewe uliitwa Mwano.

Kwa mlio mbali na Usukumani, mwano ni yowe la kuita watu mwizi akionekana. Ukilisikia, unatoka na fimbo yako. Ukibaki ndani, sungusungu, walinzi wa jadi wa kijiji, watakuja kukuuliza ulikuwa unamlinda nani.

Mchezo ulioneshwa mara ya kwanza mwaka 1994, katika ukumbi mmoja pale Nyamagana. Miaka hiyo sangara ndiye aliyekuwa habari ya mji, na injini za mitumbwi ziliibwa kila kukicha. Basi katika mchezo, sungusungu mmoja anamfuma mwizi wa injini. Anammulika tochi usoni. Kumbe ni mdogo wake! Anafumbua mdomo apige mwano, halafu anaufumba. Mchezo unaishia hapo, kimya.

Ukumbi haukukubali. Mama mmoja aliyekaa nyuma akaupiga mwano yeye mwenyewe, na watu wote wakasimama kuitikia. Wengine walipanda jukwaani kumkamata mwizi. Maskini mwigizaji alitokea mlango wa nyuma na injini yake ya maboksi.

Mhakiki wa gazeti moja la Dar es Salaam akaandika kwamba watu wa Mwanza wanatazama mchezo kama wanatazama mpira. Gazeti la hapa nalo likasema mwandishi anatetea majambazi. Mwenye ukumbi akamsihi, "Dada Suzana, si umwache tu yule sungusungu apige huo mwano, watu waende makwao wameridhika?" Suzana akakataa katakata. Alitaka ule ukimya ubaki, hata kama angenyimwa ukumbi. Na kweli akanyimwa.

Kwa nini aling'ang'ania hivyo? Mdogo wake, Bi Rebeka, anatueleza.

"Tulikuwa na kaka yetu, Shimba. Baba alimkuta na ng'ombe wa watu. Baba alikuwa kamanda wa sungusungu, akapiga mwano. Watu wakaja wengi. Shimba hakufika polisi. Tangu hapo jina lake halikutajwa nyumbani. Baba na dada wakabaki na shikamoo, marahaba, basi."

Kwa hiyo, wasikilizaji wapendwa, Suzana alikuwa anamwandikia baba yake. Na alimwogopa. Alihofu mzee ataona ameanikwa mbele ya watu.

Mwaka uliofuata mchezo ukapelekwa Igoma, kwenye kiwanja cha wazi. Mzee Nkwabi akaja bila kualikwa, akakaa katikati ya watu. Suzana alipomwona, alijisogeza kando ya jukwaa. Ikafika sehemu ile ya tochi. Watu wakaanza, "Piga mwano! Piga!"

Mzee akasimama, akawageukia.

"Tulieni," akasema. "Mwacheni mwanangu aende."

Kiwanja kikanyamaza. Mwigizaji aliyecheza mwizi akaondoka taratibu, na hakuna aliyemgusa. Suzana alikuwa kando ya jukwaa, analia waziwazi. Bi Rebeka anasema siku hiyohiyo baba yao alianza kusimulia habari za utoto wa Shimba, na Suzana akakaa karibu naye akisikiliza.

Bi Rebeka na ukoo wote wa Nkwabi, poleni sana. Msiba wenu ni wetu. Nasi tuliobaki tujiulize kwa ukweli: tunapotoka na fimbo kuitikia mwano, huwa tunakwenda kufanya nini?