Benchi Lisilokaliwa

Nje ya karakana ya fundi seremala kuna ubao umelazwa juu ya matofali manne, na ubao huo ndio bunge la mtaa. Kila asubuhi, kabla randa haijaanza kulia, wajumbe wameshakaa. Yupo Spika, aliyepewa jina hilo kwa sababu hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi. Jumapili yeye husimama mlangoni kanisani na kuwaonyesha watu pa kukaa. Yupo Takwimu, muuza vocha mkabala na zahanati, mwenye asilimia ya kila jambo. Fundi huleta birika la kahawa na masikio yake. Asubuhi hiyo hoja ilikuwa benchi alilolitengeneza fundi mwenyewe: mbao ngumu, mgongo wa kuegemea, godoro jembamba jekundu. Mchungaji aliagiza liwekwe mbele kabisa kanisani, ili waumini wanaoishi na virusi vya ukimwi wakae kwa heshima na wasijione wametengwa. Likaitwa Benchi la Upendo. Jumapili nne zimepita, halijakaliwa hata na nzi.

— Tatizo ni godoro, — Spika alifungua kikao. — Jekundu mno, linawatisha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

— Wapi! — alisema Takwimu. — Asilimia sitini na saba ya binadamu hawapendi kukaa mbele. Wanaogopa mate ya mhubiri.

— Basi tulirudishe nyuma, tuliwekee pazia.

— Pazia litazuia hewa. Watobolewe mlango wao.

— Mlango, na ngazi, na paa! Tuwajengee kanisa lao dogo la upendo, pale ubavuni. Umoja ni nguvu, ndugu zangu!

Fundi alimimina kahawa. Mwaka wa sita huu alikuwa akimeza dawa kila jioni, na aliyejua ni mkewe peke yake. Siku ya kuzindua benchi, Mchungaji alisema ugonjwa si dhambi, na fundi nusura alie. Lakini wahusika walipoitwa waje mbele wakumbatiwe, alitazama viatu vyake mpaka wimbo ukaisha. Kutoka safu ya nne hadi mbele kulikuwa mbali kuliko alivyopima.

Spika alitoa karatasi mfukoni.

— Sasa sikilizeni. Wazee wa kanisa wamekata shauri. Watu wanaona haya, kwa hiyo tutawaita kwa majina. Jumapili hii namshika mmoja mmoja mkono pale mlangoni, nampeleka hadi kwenye benchi. Kwa upendo. Takwimu, wewe unakaa mbele ya zahanati. Lete majina.

— Wa dawa huja Jumanne, watu kumi na wawili. Kumi na mmoja nawajua. Huyo mmoja huvaa kofia, kaishusha mpaka puani. Lakini mwendo wake si mgeni kwangu. Nipe Jumanne moja tu.

Kofia ya fundi ilikuwa imetundikwa msumarini, nyuma ya kisogo cha Takwimu.

— Na wakikataa? — fundi aliuliza.

— Nani anakataa kupendwa, fundi? Mpanda ngazi hushuka!

Hapo akatokea bibi mmoja amebeba kigoda kilichovunjika mguu. Alikuwa amehamia mtaani wiki hiyo.

— Shikamoo, bibi, — walimwamkia.

— Marahaba, wanangu. Semeni kwa sauti. Sikio moja limekufa, la pili linaugua. Naambiwa hapa yupo anayepanga watu kanisani.

— Ni mimi! — Spika alipaza sauti.

— Nataka kukaa mbele, nisikie neno.

— Mbele kumejaa, bibi!

— Jana nilichungulia. Kuna benchi zuri, lina godoro.

— Lile la watu maalumu!

— Wako wapi?

— Hawajaja!

— Basi nikikaa mimi, kuna ubaya gani?

Spika aliangalia kushoto na kulia barabarani. Jibu lenyewe ingebidi alipigie kelele, na mtaa mzima ungesikia. Alimtazama Takwimu. Takwimu hakuwa na asilimia.

— Nimeuliza, kuna ubaya gani? — bibi alirudia, akidhani jibu limempita.

— Hakuna, bibi! — alisema fundi, kwa sauti iliyofika ng'ambo ya barabara. — Kaa! Mimi na mke wangu tutakaa nawe!

Spika aligeuka polepole.

— Fundi, wewe? Pale utakaa kama nani?

Fundi alipokea kigoda cha bibi, akakipindua na kuukagua mguu.

— Nililipima la watu wanne, — alisema. — Hapo tumefika watatu.

Spika aliikunja karatasi yake, akaikunja tena, mpaka ikagoma kukunjika.

— Mtakuja ibada ya kwanza au ya pili? — aliuliza, kwa sauti ya chini ambayo kijiwe hakijawahi kuisikia kwake.

— Sema kwa sauti! — bibi alimwambia.